Hewa ya Baridi ya Kyeshero

Goma, Jumapili tarehe 14 Oktoba 1956

Ndugu yangu mpendwa Édouard, Papa Victoire,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na Mama Victoire na watoto, pamoja na wazee wote wa pale Butembo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba kikohozi cha Victoire kimepungua. Mimi mwili bado unanibeba, ingawa magoti yameanza kunidai ruhusa kila ninapotaka kusimama. Goma tuko hivyo hivyo. Ziwa limetulia, na mlima unawasha mawingu kila jioni kama jiko ambalo mwenyewe amesahau kulizima.

Kifurushi ulichompa dereva wa lori la maharagwe kilinifikia Jumanne. Kabla sijakifungua nilijua kwa uzito wake kilichomo. Ni nyundo ya marehemu baba yenu, ile aliyoishika mdogo wako Donat kila siku, mpini wake umelika mahali pa kidole gumba. Umeniandikia kwamba nyumbani hakuna anayetaka kuigusa. Umeniandikia kwamba Mama Henriette amekifukia nyuma ya jiko kile chungu cha chuma cha moto ambacho mume wake Donat alikitengeneza kwanza kwa kujaribu, na kwamba ni afadhali nyundo ikae kwangu, rafiki yake wa kazi, kuliko ipate kutu. Kisha ukaandika: “Donat aliuawa na kazi ya mikono yake mwenyewe, nasi tumekubali.”

Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kupokea. Ni kwa ajili yake ninaandika leo, na utanisamehe nikienda polepole.

Wewe ndiye uliyetukutanisha, mwaka 1952, ulipopita Goma na mizigo yako ukaniambia una mdogo wako mhunzi anayesumbua watu kwa maswali. Ukasema umeniletea mimi kwa sababu nina vitabu, na vitabu havichoki kuulizwa. Ulijua habari yangu: mutu niliyetolewa Rwanda mwaka 1937 pamoja na wengine wengi, tukaambiwa vilima vya Gishari ndivyo kwetu sasa. Vilima vile navyo sikudumu navyo, nikashuka Goma kutengeneza mashini za mashua. Nilikuwa na miaka hamsini na nane, na hakuna kitu chini ya jua ambacho ningeweza kusema kimetoka kwangu na hakuna atakayekihamisha.

Wiki ile ile ya kwanza Donat alinikuta na kitabu cha motere, akaniomba nimweleze picha. Akauliza ndani ya silinda ni nani anayevukuta hewa. Nikamwambia ni pistoni. Akauliza nani anayekaa motoni. Nikasema ni hiyo hiyo. Na nani anayepiga kazi? Hiyo hiyo. Alicheka hadi akakaa juu ya fuawe. Akasema katika kiwanda cha baba yenu mmoja alivukuta, mwingine akaangalia makaa, wa tatu akapiga nyundo, na mutu mumoja akijaribu yote matatu angeanguka kabla ya saa sita. Akasema ndiyo maana silinda inakunywa mafuta kama mulevi: inafanya kazi ya watu watatu, na hakuna anayeihurumia. Tangu siku ile akaniita Muzee Karatasi, nami nikamwita mwanasheria wa pistoni.

Utani ule ulitushika miaka minne. Tuligawa kazi kama alivyosema. Silinda ya kwanza, ndogo, ikae na ubaridi wake na ishindilie hewa tu. Katikati tuliweka chumba cha moto, na hicho kilikuwa mali ya Donat: chungu cha chuma chenye matundu aliyoyatoboa moja moja, ambamo moto hauwaki na kuzimika kwa kila mzunguko bali unawaka mfululizo kama makaa ya mhunzi, kwa hiyo haubagui mafuta. Mawese yalitosha. Mwisho kulikuwa na silinda kubwa, ambamo hewa iliyopata moto inapanuka mpaka inachoka kabisa ndipo itoke. Motere za kawaida hutupa hewa nje ingali na nguvu, na kelele tunayoisikia barabarani ndiyo nguvu yenyewe inayopotea. Ya kwetu ilitakiwa itoe pumzi taratibu, kama mutu anayetua mzigo.

Mwaka huu mwenye shamba moja la kahawa alituruhusu tuifunge kando ya ziwa, Kyeshero, aone kama itapandisha maji hadi kwenye vitalu vyake. Akasema atakuja Jumamosi tarehe 12 Mei, na kama itaishinda motere yake kwa mafuta, atatuombea mahali pa kutengeneza nyingine. Nilikuwa nimehesabu kwa kalamu kwamba hewa baridi inashindiliwa kwa nguvu ndogo kuliko hewa ya joto. Hatua sita tu kutoka mahali petu palikuwa na bonde dogo katikati ya mawe meusi ya volkano, lenye kina cha kimo cha watu wawili, na asubuhi ndani yake palikuwa na ubaridi kama wa ghala la mapadri lililo chini ya ardhi. Nikaagiza bomba la bati lishuke hadi chini, na wavu mdomoni, ili silinda ya kwanza inywe hewa ya pale. Nilifurahi sana kwa wazo hilo. Lilikuwa langu peke yangu.

Jumanne ya wiki hiyo, tulipokuwa tukilaza bomba, alikuja mama muzee Nyiramahirwe, ambaye shamba lake la maharagwe linapakana na bonde. Hajui Kiswahili hata cha kuombea chumvi, na Donat hakujua Kinyarwanda zaidi ya salamu. Alisimama mbele yetu akasema maneno mengi, akionyesha bonde kwa fimbo yake. Donat akaniuliza mama anasema nini. Nikamjibu kwamba analalamika tumemkanyagia maharagwe.

Unamjua mdogo wako. Jioni ile aliweka vyombo chini, akaenda kwenye shamba la mama yule, akakata vijiti vipya na kuisimamisha mistari miwili mizima ya maharagwe, kisha akamwinamia mara tatu kuomba radhi. Mama muzee akamshika mikono yote miwili, akamshukuru. Walicheka pamoja, kila mmoja kwa lugha yake. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao.

Jumatano tuliwasha alfajiri, kabla ya upepo, wakati hewa ya bondeni ina ubaridi zaidi. Moto wa Donat uliwaka, ukapepesuka, ukazima. Tukawasha tena, ukazima. Saa tatu na robo, upepo wa ziwa ulipoanza, ukawaka wenyewe kama hakuna kilichotokea, na mashini ikazunguka hadi adhuhuri. Alhamisi ikawa vile vile. Nilimwambia Donat kwamba matundu yake si sawa. Akayapima yote kwa sindano, akasema, “Muzee Karatasi, matundu ni mazuri, hewa yako ndiyo mbaya.” Nikamjibu kwamba hewa ni hewa, haijawahi kufuliwa na Munande yeyote wa Butembo. Alicheka, lakini usiku ule hakula vizuri.

Ijumaa moto ulizima saa kumi na mbili na dakika kumi. Nilikasirika, kwa maana mgeni wetu alikuwa anakuja kesho yake. Nikamtuma Donat ashuke aone kama majani yameziba wavu, mimi nikabaki nimeshika gurudumu. Nilimwita. Nikamwita tena, nikamtania kwamba amekwenda kulala kazini. Nilipofika ukingoni nilimwona ameketi ameegemea jiwe, spana mkononi, kama mutu aliyechoka anapumzika. Niliteremka hatua mbili, kichwa kikazunguka. Mama Nyiramahirwe alinivuta kwa koti kutoka nyuma. Aliwasha majani makavu, akayashusha kwa fimbo, na kimo cha kiuno tu chini ya ukingo mwali ukakatika kama uliokatwa kwa kisu. Tulimnasa kwa kitanzi cha kamba tukamvuta juu, lakini haikusaidia kitu.

Muuguzi aliyeitwa aliona mashini, akaona masizi kwenye chungu cha moto, akaandika kwamba marehemu alisongwa na moshi. Ndivyo mlivyoambiwa. Katika matanga pale kwenu, baba mkwe wake aliniuliza mbele ya watu kama chombo cha Donat kilivuja. Nilitikisa kichwa, kwa namna ambayo kila mutu angeisoma apendavyo. Wakaisoma walivyoisoma.

Édouard, chombo hakikuvuja. Mwezi wa nane nilirudi Kyeshero peke yangu. Niling'oa bomba bondeni nikalipandisha juu ya mti mrefu, hewa iingie kutoka juu, na sikugusa kingine chochote. Niliwasha moto wa Donat kabla jua halijatoka. Ulikuwa wa buluu, haukupepesa hata mara moja hadi saa sita. Chupa moja ya mafuta, inayokwenda saa moja na dakika kumi katika motere ya shamba, ilikwenda saa mbili na dakika nne kwetu, kwa pampu ile ile na kimo kile kile. Kila tundu alilotoboa mdogo wako lilikuwa sahihi. Niliifungua mashini siku ile ile, nami sitaiunga tena.

Sasa nifike pale ninapopazunguka tangu mstari wa kwanza.

Mama Nyiramahirwe hakulalamika kuhusu maharagwe. Hakuna aliyekuwa amekanyaga hata jani moja. Alisema jambo ambalo kila mwenyeji wa Kyeshero analijua tangu utotoni, nami mhamiaji sikulijua: kwamba ardhi hii inatoa hewa nzito isiyoonekana, wanayoiita mazuku, inayolala mabondeni wakati hakuna upepo. Alisema mbuzi wake wawili walikufa mle mwaka jana. Nilielewa kila neno. Nilidhani ni hadithi za mizimu. Nilijua pia kwamba Donat angemwamini na angelitoa bomba, na hesabu yangu ya hewa baridi ingekufa siku nne kabla mgeni hajafika. Kwa hiyo nilimwambia habari ya maharagwe. Na mama yule, alipoona kijana amekuja kumtengenezea shamba na kuinama, aliamini kwamba onyo limemfikia na kwamba anamshukuru. Kwa sababu hiyo hakurudia tena.

Tena nilipewa nafasi ya pili. Saa za moto kuzima na saa ya upepo nilikuwa nimeziandika mwenyewe kwenye daftari, Jumatano na Alhamisi. Nimesoma tangu misheni kwamba mwali hufa katika hewa isiyo na uhai. Mashini ilikuwa ikiniambia kila asubuhi alichosema mama muzee. Nilichagua kumlaumu mhunzi.

Tulipomlaza Donat kwenye majani, Nyiramahirwe aliniuliza kama nilimwambia. Nilijibu kwamba nilimwambia, hakusikia. Miezi mitano mama yule ameishi akidhani kijana alikuwa mkaidi. Jana nilikwenda kwake kwanza, kabla ya kukuandikia wewe. Nilipomaliza kusema hakunitukana. Aliinuka akaenda shambani, akashika kijiti kimoja kati ya vile alivyosimamisha Donat, maana mavuno yalipita lakini vijiti hajaving'oa. Akakaa amekishika hadi nilipoondoka. Leo asubuhi, tukitoka misa, hakuitikia salamu yangu.

Nyundo ninakurudishia kwa dereva yule yule, haiwezi kulala nyumbani kwangu. Pamoja nayo ninatuma chungu cha moto, nimekisugua masizi yote, na daftari lenye saa na vipimo. Nakuomba umsomee Mama Henriette barua hii mbele ya wazee wale wale waliokuwa matangani, bila kuruka chochote, na akifukue kile alichokifukia. Sikuombi unisamehe. Mkitaka kunishtaki nipo, sihami tena.

Ninadaiwa bado tafsiri moja, nami naiandika hapa, imechelewa miezi mitano. Siku ile, akimwonyesha Donat kwa fimbo, mama muzee alisema hivi: “Huyu kijana ana uso wa mtoto wa mutu. Mwambie asishuke mle kabla upepo wa ziwa haujaamka.”

Nisalimie Mama Victoire, na Victoire mwenyewe, na wazee wote kama watakubali salamu kutoka kwangu. Mama Henriette usimsalimie kwa niaba yangu. Mwambie tu kwamba mikono ya mume wake haikukosea popote.

Ni mimi,

Anastase Ntirenganya