Mama Mkwe na Ndoo ya Maganda ya Risasi

Weston, Jumamosi, Novemba 2011

Manyunyu ya asubuhi yamegeuka theluji nyepesi kwenye saa tano hivi, ile isiyokaa chini, inayoyeyuka ikigusa lami. Mto Humber kule chini ya ghorofa letu una rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Na mimi nina furaha ya mtu aliyefutiwa kesi.

Kwa siku tatu mama mkwe wangu aliamini kwamba mimi ni jambazi.

Nieleze vizuri. Mama, mzaa mke wangu, alikuja kututembelea wiki tano zilizopita kutoka Ifakara. Ni mtu wa Kilombero hasa. Katikati ya vitenge vyake sandukuni alibeba ungo, kwa sababu hakuamini kwamba Kanada kuna kitu cha kupepetea. Tumekuwa tukiheshimiana kama inavyotakiwa kwa wakwe: asubuhi namwamkia, namwachia kiti kizuri, yeye ananiita baba Neema, na hakuna anayemuuliza mwenzake maswali mengi. Ndani ya heshima hiyo ndimo nilimoficha ndoo yangu.

Jumatano alitafuta chombo cha kulowekea maharage. Akafungua kabati la makoti karibu na mlango, akakuta ndoo nyeupe yenye mfuniko. Akaufunua. Ndani mlikuwa na maganda ya risasi zaidi ya mia tatu, ya shaba, mengine yanang'aa, mengine meusi kwa moshi.

Akafunika. Akaloweka maharage kwenye sufuria.

Ila tangu siku hiyo hakukaa meza moja nami. Nikiingia sebuleni, anakumbuka kitu chumbani. Nilimsikia akisali kwa sauti ya chini, jina langu likitajwa karibu mno na neno damu. Jana akamwambia Tumaini, mke wangu, kwamba angependa tiketi yake ibadilishwe aondoke kabla ya Krismasi, maana kuku wake amewaacha kwa mtu asiyeaminika. Tumaini akamhoji taratibu mpaka ukweli ukatoka.

Tumaini hakunigombeza. Leo asubuhi alivaa sare yake ya kazini, ya nyumba ya wazee anakohudumu, akasimama mlangoni na kuniambia, "Nikirudi nikute umeshamwambia mama." Basi.

Alinishauri nimweleze tangu Septemba, kabla mama hajapanda ndege. Sikumweleza. Nikisema niliogopa atanidhania mabaya, nitakuwa nadanganya. Kilichonitia haya ni kitu kingine, nacho nitakifikia.

Mimi nafanya kazi kwenye mizigo, uwanja wa ndege wa Malton. Zamu nzima ni makelele ya mashine na injini. Miaka mitatu iliyopita mzee Walter, mwenzangu wa kazini ambaye sasa amestaafu, alinipeleka kwenye klabu yao ya kulenga shabaha, nje ya mji. Watu wakishangaa napendaje bunduki, nashindwa kuwajibu, maana ninachokipenda hasa ni maganda. Mtu akishapiga, risasi yenyewe inakwenda zake, lakini ganda la shaba linabaki. Likiwa zima linaweza kujazwa tena baruti na risasi mpya, mara tano, mara sita. Wengi hawana habari nayo. Wanayaacha yametapakaa chini.

Mimi nayaokota.

Bunduki na baruti havifiki hapa nyumbani. Viko shambani kwa Walter, chini ya kufuli, na kujazia tunajazia kwenye karakana yake. Hapa naleta maganda matupu tu, niyasafishe na kuyakagua. Shingo imepasuka? Kitako kimevimba? Kuna mstari unaong'aa ukizunguka karibu na kitako, dalili kwamba shaba imechoka na itakatikia hapo? Nikimaliza hamsini, kichwa changu kinakuwa kimetulia kuliko nikilala kwa saa mbili. Ndiyo starehe yangu. Sijui niieleze vipi.

Basi, Neema binti yetu akiwa kwa rafiki yake ghorofa ya nne, nikatoa ndoo kabatini, nikaiweka juu ya meza mbele ya mama. Nikakaa.

Aliufunua mfuniko, akachungulia.

"Baba Neema, hizi zimeua wangapi?"

"Hazijaua mtu, mama. Zimetoboa karatasi."

"Karatasi."

"Ndiyo, mama. Karatasi yenye miduara."

Akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Nadhani jibu hilo lilimtia wasiwasi mpya.

"Na zote hizi umezipiga wewe?"

Hapo ndipo nilipofika kwenye haya yangu. "Nyingi nimeokota, mama. Watu wakimaliza kupiga wanaziacha chini."

"Unaokota," akasema. Midomo yake ikaanza kucheza. "Mwanangu kaolewa na mtu wa uwanja wa ndege, nimewatangazia kanisa zima. Kumbe mtu mwenyewe anaokota."

Akacheka. Si sana, lakini alicheka.

Kisha akaacha kucheka, akanisimulia habari ambayo hata Tumaini alinigusia juujuu tu. Kaka yake mkubwa, mjomba Beno, alikuwa na gobore la kuwindia nguruwe waliokuwa wanamaliza mpunga wao. Siku moja alipiga, gobore likapasuka mkononi mwake. Likamtoa jicho la kulia. Tangu hapo mama hapendi kuona chochote cha bunduki, na alipofunua ile ndoo aliona jicho la kaka yake kabla hajaona kingine. Ujambazi aliufikiria baadaye, usiku, akiwa amekosa usingizi.

"Sasa hapa unajuaje zima na bovu?" akauliza.

Nikamwonyesha. Sumaku kwanza: likinasa, si shaba, tupa. Halafu macho, halafu kucha kupapasa shingo, halafu kiwaya nilichokipinda ncha kwa kuupapasa ukuta wa ndani. Alifuata kila hatua, akafuta miwani yake kwa ncha ya kitenge, kisha akaondoka kwenda chumbani. Nikadhani nimemchosha.

Akarudi na ungo.

Akamimina humo maganda niliyokuwa nimeyatenga kwenye mfuko, ambayo nilishayakagua, tayari kupelekwa kwa Walter. Akayarusha kidogo, kama anapepeta. Akainamisha kichwa.

"Humu mna bovu."

"Hapana, mama. Hayo nimeshayakagua."

"Sikuulizi. Nakwambia nimelisikia."

Akayagawa mafungu mawili, akatikisa moja, akalisogeza pembeni. Akaligawa la pili, akatikisa. Mimi nilikuwa nasikia mlio mmoja tu. Yeye aliendelea kugawa mpaka yakabaki manne, akayaangusha mezani moja moja. Matatu yalilia kama kengele ndogo. La nne lilisema ka, kama kijiti kikavu.

Nikalichukua. Kwa macho halikuwa na kasoro. Nikaliweka chini ya taa, nikaleta kioo cha kukuzia. Begani, pale ganda linapoanza kuwa jembamba, palikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, urefu wake punje ya mchele.

Lile fungu nililikagua wiki iliyopita huku nikitazama mpira.

Naandika hilo hapa kwa sababu sikuthubutu kulisema mezani. Pengine lingevujisha moshi tu na kunishtua. Pengine zaidi. Na Walter ni mzee wa miaka sabini na mbili, hupenda kujaribu risasi zetu yeye kwanza.

Mama hakunisimanga. Alitoa mengine mawili kwenye fungu lile lile, kisha akauliza yanasafishwa na nini mpaka yakang'aa hivi. Nikamwambia ni magunzi ya mahindi yaliyosagwa, unayatia kwenye mashine ya kuzungusha pamoja na maganda, na kwamba huku magunzi hayo yanauzwa dukani kwenye mifuko. Alicheka mpaka akavua miwani. Alirudia peke yake, "Magunzi. Wanayafunga mifuko."

Tukaendelea kukagua, tukinywa chai. Kabla ya leo sikuwahi kukaa na mama mkwe wangu saa nzima katika miaka kumi na moja ya ndoa.

Halafu nikaona ameacha kukagua. Alikuwa amelishika lile la kwanza, anaupapasa ufa kwa kucha.

"Hili hukuliona," akasema. "Kwa macho mawili, na taa zote hizi."

"Sikuliona, mama."

"Beno alikuwa anatazamia kibatari."

Akaniambia kwamba siku ile, kaka yake akiwa bado amefungwa bandeji, yeye ndiye aliyemwambia kwamba ni haraka zake, kwamba alishindilia baruti kupita kiasi kama anavyozidisha kila kitu. Ukoo mzima ukalishika neno hilo. Mwanzoni Beno alikuwa akibisha. Baadaye akaacha.

"Nipigie simu kwa kaka," akasema mama.

Nikapiga, nikaiweka simu mezani kwa sauti ya wazi; kule ilikuwa saa mbili usiku. Mjomba Beno alipokea kwa sauti ya kutisha: "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, kaka. Nimekupigia habari ya gobore."

Redio iliyokuwa ikisikika kwake ikazimwa.

"Bomba lake pengine lilikuwa na ufa," mama akaendelea. "Ufa wenyewe hauonekani. Nimeushika leo mkononi mwangu, kwa mkwe wetu huku. Nilikulaumu bila kujua. Unisamehe, kaka."

Upande wa pili kiti kikakwaruza sakafu.

"Nilisema," akajibu mjomba. "Siku ile ile pale hospitali nilisema nimepima baruti sawasawa."

"Ulisema."

"Hakuna aliyenisikia."

"Mimi nimekusikia leo."

Nikamsikia akipenga kamasi. Mama naye alikuwa akijipangusa kwa kitenge, na mimi nilijifanya nahesabu maganda. Kisha mjomba Beno akakohoa, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na huyo mkwe anawinda nini huko?"

Mama akaniangalia.

"Karatasi," akamwambia.

Kicheko cha mzee yule kilijaa sebule yetu yote. Aliomba arudiwe, akaambiwa tena, akacheka upya, akamwita mkewe aje asikie.

Tumaini aliporudi saa kumi alitukuta mezani, ungo katikati, hakuna aliyepika, na mama akimfundisha Neema kusikiliza maganda. Neema alikuwa anajibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, mama anamwelewesha kwa Kiswahili, na kazi ilikuwa inakwenda. Tumaini alivua viatu taratibu, akanitazama, nikainua mabega.

"Tiketi iache ilivyo," mama akamwambia bila kuinua macho. "Kuku wana miguu, watajitafutia."

Kwa hiyo nimejiwekea sharti: mpira nitazame mpira, na maganda nikague maganda. Kesho baada ya kanisa nampelekea Walter yaliyopona kule klabuni, na nitamweleza kuhusu lile fungu, lote, bila kuficha. Mama anasema anakwenda nami. Nimemwambia kule uwanja wa shabaha ni baridi kali na hakuna cha kuona.

Amejibu kwamba anataka kuiona hiyo karatasi, na amelijaribu koti langu kubwa. Limemfika visigino.