Mkono Uliofika Kwenye Filta

Mjukuu wangu Bhoke,

Marahaba. Hapa Genkuru tu wazima, mahindi yamebeba, na bibi yako anakusalimu.

Umesema huko gereji Mwanza filta ya kigari cha spoti imekushinda kuifikia, ukauliza kama ni aibu kumwita mwenzako.

Nikiwa fundi kijana, kigari kama hicho kilizimika barabarani hapa. Mwenyewe alikuwa mchimbaji kutoka Singida, na mke wake ndani alikuwa na uchungu wa kuzaa. Filta ya petroli ilikuwa imeziba. Mpya nilikuwa nayo, lakini ile ya zamani ilijificha juu ya tangi. Nilisukuma mkono mpaka ukachubuka, haukupita.

Bibi yako, ambaye sikumjua bado, alikuwa anatoka kisimani. Akatua ndoo.

"Mkono wangu mwembamba," akasema. "Nielekeze."

Akalala chini ya gari na kitenge chake. Nilimwelekeza, naye akapapasa, akafungua, akafunga mpya, petroli ikimchuruzika hadi kwapani. Gari likawaka. Mtoto alizaliwa hospitali, salama.

Walipoondoka nikamwuliza yule msichana wa kisimani jina lake.

Mpaka leo namshukuru Mungu kwamba mkono wangu haukufika.

Babu yako,
Mwita