Sentensi Moja ya Lorene

Jumatatu, 8 Oktoba 1951
Sinema aliyoigiza mdogo wangu imefika hapa mjini kwetu Bellamy! Lorene wetu, aliyekwenda California na sanduku moja. Alitueleza kwa simu ya mchungaji: anaingia duka la kofia, kavaa koti zuri, anamwambia mzungu mwenye duka sentensi moja. Moja tu, lakini ni yake.

Mama keshatoa kofia ya kanisani. Shida ni ngazi za jumba la sinema. Sisi weusi tunapandia za nje, uchochoroni, mpaka roshani, na magoti ya Mama hayawezi hata ngazi za kanisa. Chini viti vitupu – vya wazungu. Nina hasira mpaka mwandiko umeharibika.

Jumanne, 9 Oktoba
Njia iko moja. Yaya mweusi akimpakata mtoto wa kizungu hukaa kule chini kwa wazungu, na hakuna anayemuuliza kitu. Nikamwambia Mama nitamwomba Bi. Hargrove, bosi wangu, atuazime mwanawe Dickie. Mama akanikata jicho.

"Nimtazame mwanangu nimempakata mwana wa mtu kama tiketi? Nitokee hapa!"

Nikatoka.

Jumatano, 10 Oktoba
Asubuhi, Mama mwenyewe, bila kunitazama: "Huyo mtoto hajikojolei?"

Bi. Hargrove kakubali, kafurahi apumzike. Kasema shangazi asimpe bisi nyingi. Shangazi! Udugu na Mama kaupata wapi?

Alhamisi, 11 Oktoba
Leo mchana ni mapumziko yangu. Mama alivaa sare yangu ya kazi, aproni na yote. Kofia ya kanisani ikabaki kitandani.

Mimi nikapanda roshani. Nilimwona kule chini, Dickie mapajani, shingo kainyoosha. Duka la kofia likaja. Mlango ukafunguka – picha ikaruka – mzungu yuko barabarani anawasha gari. Basi! Lorene hakuna. Roshani nzima ikazomea.

Nilimbana Cleon, mkata tiketi wetu wa uchochoroni.

"Verdell, dada yangu, ulikuwa hujui? Sinema zinazoletwa huku Kusini hukatwa vipande. Mweusi kavaa vizuri, anaongea na mzungu kama mtu na mtu mwenzake? Haifiki hiyo. Angebeba sinia kama mtumishi wangemwacha."

Angebeba sinia!

Tulimrudisha Dickie. Tulipofika kwetu ndipo Mama akasema: "Yule mtoto alimwaga bisi, nikainama kuokota. Nadhani ndipo Lorene alipopita. Wewe ulimwona?"

Nikasema nilimwona.

"Koti lilimkaaje?"

Nikasema lilimkaa vizuri sana. Nawachukia. Waliokata, waliowalipa wakate, wote.

Ijumaa, 12 Oktoba
Mama kawasimulia majirani wote lile koti. Kaongeza na vifungo. Bi. Odessa wa nyumba ya pili kalia machozi.

Kesho ndiyo siku ya mwisho ya sinema hiyo, na Mama anataka kurudi. "Safari hii hata amwage nini, siinami."

Nataka kumwambia kipande cha Lorene kilikatwa. Nikimwambia, namnyang'anya Lorene kama walivyomnyang'anya wao. Nisipomwambia, atakaa pale tena na aproni yangu, akingoja mlango ufunguke.

Naandika hapa jikoni. Yeye anapiga pasi sare, anaimba. Sasa kaacha kuimba.

"Verdell, mtoto umeshamwomba?"

Kaweka pasi chini, ananitazama. Nimemwambia: "Mama, jana mimi pia sikumwona –"