Mkono Juu ya Kichwa

Naguru, Jumapili

Baba mpendwa,

Tumerudi salama kutoka safari ya shule kwa Wamasai, kule Narok. Hawapigi ngoma kama sisi Waacholi. Wanaimba kwa koo tu, na vijana wanaruka. Mwenzangu wa darasani Adoch akanitania, "Ruka, msomi! Vitabu vimekufunga miguu?" Nikaruka. Tangu siku hiyo miguu yangu haitulii.

Nilikosea jambo moja. Baba mmoja wa pale alipokuja kutusalimu, nilimnyooshea mkono. Akacheka, "Hapana, binti. Mtoto anainamisha kichwa." Akaniwekea kiganja utosini. Nikakukumbuka wewe, machozi yakanilengalenga.

Mama ameondoa kiti chako sebuleni. Anasema tangu uhamishiwe kazi Arua una nyumba nyingine. Ukija, sitakupa mkono. Nitainamisha kichwa, nisubiri.

Binti yako bado,
Aol