Mvua Iliyosomwa kwa Kifaransa

Wamaza, 9 Septemba 2024

Mudogo wangu Hippolyte,

Salamu nyingi. Siye tuko wazima, ni magoti tu yananikumbusha umri. Na wewe, lile tumbo la mutangazaji lingali linakua?

Nina swali. Mvua za miaka hii hazifuati tena miezi aliyotufundisha baba. Binti yangu Laura na Pitchou mume wake wanataka kupanda mupunga kule bondeni na kujenga hapo hapo, karibu na muto. Mimi dada yako naogopa. Laura anasema: «Mama, tungoje Mujomba aseme kwenye redio.» Kijiji kizima kinakungoja.

Yaya wako,
Emilienne

Kasongo, 17 Septemba 2024

Yaya mupenzi,

Tumbo linakusalimu, siku hizi linaingia studio mbele yangu. Pole ya magoti.

Watu wa hali ya hewa wametuma karatasi leo. Sijaisoma, unanijua, mimi naongea kwanza, kuelewa kunakuja nyuma. Itapita Ijumaa, habari za saa moja jioni. Mutie betri mupya.

Mudogo wako mwenye mudomo,
Hippolyte

Wamaza, 24 Septemba 2024

Mudogo wangu,

Habari ya huko? Huku ni wazima.

Tulikaa watu kumi na nane mbele ya redio. Tulisikia ziara ya muheshimiwa: alishuka garini, akapokelewa, akala, akashukuru. Tulisikia mupira. Ile habari yako ya mbuzi aliyeingia kwenye mukutano ilituvunja mbavu, Laura alicheka mupaka akatoka nje. Kisha ukasoma kitu kwa Kifaransa, mbio mbio, muziki ukaanza.

Pitchou akasema: «Kama ingekuwa hatari, Mujomba angetuambia kwa Kiswahili.» Tukaona ni kweli. Wamepanda. Nyumba imebaki kuezekwa paa tu.

Yaya wako,
Emilienne

Kasongo, 2 Desemba 2024

Yaya,

Sijui nikusalimie namna gani. Watu wa pikipiki waliotoka kwenu wanasema maji yamebeba bonde zima. Niambie, Laura yuko wapi?

Kile cha Kifaransa ndicho kilikuwa karatasi yenyewe. Ilisema mvua itapita kipimo, watu watoke mabondeni. Ziara ilikula wakati. Ili nitafsiri, ilibidi nikate habari yangu ya mbuzi. Nikaisoma vile ilivyokuja, nikaandika kwenye daftari: imetangazwa. Mukubwa wa redio alinisifu, kwa sababu ya mbuzi.

Sasa wametupa saa nzima Jumapili ya tarehe 22, juu ya mafuriko na hali ya hewa iliyoharibika. Wanataka nije na mashine ya kurekodi, useme. Nitakuuliza polepole, kwa Kiswahili.

Mudogo wako

Wamaza, 11 Desemba 2024

Hippolyte,

Nakusalimu, maana wewe ungali damu yangu.

Pitchou alipona kwa kushika muti. Laura tulimupata siku ya tatu. Tumemuzika juu, kilimani.

Kwa hiyo saa nzima imepatikana. Sisemi kitu kwenye mashine. Watu wakisikia nalia watanihurumia, kisha watarudi kupanda bondeni. Karatasi nyingine itakuja mbele ya mvua za Machi. Hiyo, uisome vile unavyosema na mimi hapa jikoni, na umutoe mbuzi kwenye habari.

Ukitaka kulia na sisi, njia unaijua. Kuja mikono mitupu, bila mashine.

Mama ya Laura