Kiti cha Kwenda kwa Mama

Jumapili usiku, Donholm

"Pikipiki ni ya bodaboda. Mtu wa rika lako hununua gari." Ndivyo alivyonibeza ndugu yangu Wafula leo mezani. Uongo mtupu. Jana dukani niliikalia ile ya safari ndefu: usukani uko juu, kiti ni kipana, kioo kinakinga upepo. Mgongo haukuniuma. Itanifikisha Bungoma kwa mama.

"Na kukiwa na matanga, mzee, utatupanga nyuma kama magunia?" akaongeza Wafula.

Kumbe shida ni hiyo: wanataka gari la kwendea matangani. Gari langu la zamani lilijaa kila msiba. Nilipokwenda kumtazama mama, nilikwenda peke yangu. Sasa anadhoofika, nami naogopa.

Wafula, nanyi ndugu zangu wote, nendeni mkamwone angali anawatambua.