Pazia la Chama cha Maigizo

Shule ya Misheni,
Malaba.
Oktoba, 1967.

Mdogo wangu mpenzi Anyait,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, samaki wako wakinunuliwa kabla jua halijawaharibu, na wale wadogo wawili, Kizito na Mildred, wakiwa wamepona kikohozi. Huku kwetu hatujambo. Mama ana nguvu za kutosha kunigombeza asubuhi na jioni. Mimi mwenyewe sina ugonjwa, isipokuwa huu wa tumbo langu kufika darasani kabla yangu. Wasichana wamenipa jina kwa sababu hiyo, lakini sitaliandika hapa kwa kuwa najua utalitumia.

Barua yako niliipata. Unasema muhula huu ukiisha binti yako Rosebella aache shule, aje Burumba akuangalizie wadogo wakati uko sokoni. Unasema pia umesikia kwa watu kwamba hapa kwetu watoto wanaimba, wanapiga ngoma, wanapanda kabichi na kubishana, na unauliza vitabu wanasoma saa ngapi. Swali lako si baya. Nataka kulijibu, ila univumilie nikizunguka kidogo. Unanijua, hata nikitumwa chumvi hupitia kwa jirani.

Hivyo vyama vya baada ya masomo Padri Hubertus alinipa mimi vyote kwa sababu siku ya kugawana kazi nilichelewa mkutanoni. Nilipoingia, walimu wenzangu walikuwa wanacheka tayari. Basi nikawa mlezi wa kwaya, mtu ambaye hata mbwa wetu huondoka nikianza wimbo. Siku ya kwanza nilijaribu kuwaonyesha sauti ya tatu. Perez, binti wa mkata tiketi wa stesheni, aliniomba kwa adabu kabisa nikasimame mlangoni ili mbuzi wasiingie. Nimesimama pale tangu siku hiyo, na nakuambia, Anyait, mlangoni ndipo mahali pazuri zaidi pa kusikilizia. Tangu ngoma ziruhusiwe kanisani, wasichana hawa wakianza Utukufu, wazee waliokuwa wamezoea kukaa nyuma karibu na njia ya kutokea sasa wanagombania mabenchi ya mbele.

Kwenye Chama cha Wakulima Vijana nilipanda kabichi zangu kando ya zao ili wajifunze kwa mwalimu. Zangu zililiwa na wadudu zikabaki mishipa tu. Zao ni hizi tunazokula, na Mama anasema niwe nawaomba radhi kila nikimeza.

Sasa Rosebella. Hapa nyumbani kwa Mama ni mtoto mpole, ukimtuma anakwenda, ukimsema anatazama chini. Lakini yuko kwenye chama cha mjadala, na huko simjui. Akiteka maji mtoni huliambia debe hoja zake, halafu hulijibu kwa niaba ya wapinzani. Nilimkuta siku moja amelisuta lile debe mpaka nikalionea huruma. Na ili apate la kusema, anasoma. Amemaliza vitabu vyote vya kabati la darasa lake, akahamia kabati la walimu, na mimi nimeanza kusoma kwa siri ili asinipite. Hapo ndipo kuna jibu la swali lako, nusu yake.

Nusu ya pili ilitokea Jumamosi iliyopita, Siku ya Wazazi.

Lazima nikueleze kwanza sheria mpya ya Padri. Mwaka jana wasichana wengi waliondolewa darasa la saba katikati ya mwaka, madawati yakabaki matupu huku wengine wamekosa nafasi. Basi Padri akaamua kwamba mwaka huu msichana atawekewa nafasi ya darasa la saba ikiwa baba au mama yake atasimama mbele ya watu wote na kusema kwa mdomo wake kwamba mtoto atamaliza. Mzazi asiposimama, nafasi inakwenda kwa mwingine. Nilijaribu kumwambia kwamba mjomba pia ni mzazi. Alinijibu kwamba mimi nikiachiwa nitasimama kwa ajili ya shule nzima. Kusema kweli nilikuwa nimekusudia hivyo.

Kupanga watu ukumbini kulikuwa kazi yangu, na hapo ndipo nilipoharibu. Ukumbi wetu, unaukumbuka, ni madarasa mawili yaliyoondolewa ukuta wa katikati, na mlango ni mmoja. Mama alifika mapema, amevaa ile gauni ya Pasaka, nami kwa kumheshimu nikamweka benchi la kwanza, kando ya mlango, apate upepo. Nilijiona mwana mwema sana. Kisha nikatazama nje nikamwona mumeo, shemeji Okwara, amesimama kwenye kona ya ukuta na kofia ameishusha mpaka puani.

Ndiyo, alikuwepo. Najua alikuambia yuko Jinja na mzigo wa pamba. Tulia, nitafika.

Basi fikiria. Mkwe wake amekaa mlangoni, na mlango ni mmoja. Tangu akuoe, Okwara na Mama hawajawahi kuonana uso kwa uso, kama mila ya wakwe inavyotaka. Yeye akiona gauni ya Mama njiani huingia kwenye mahindi ya watu. Sasa angepitaje karibu yake hivyo, magoti yakigusana? Nilimwendea nikamwambia nitamhamisha Mama. Akanikataza, akasema mtu hamwinui mkwe wake kwenye kiti mbele za watu ili yeye apite, afadhali asikilizie nje. Akakaa chini ya dirisha kama mtu aliyekuja kuuza mayai.

Mjadala ukaanza. Hoja ilikuwa kwamba reli ina faida kuliko barabara. Na nani anatetea reli? Binti wa dereva wa lori. Nilijikunyata. Rosebella akasimama, akatoa heshima, akaanza kuyararua malori. Akasema lori likikwama kwenye matope huko Amukura, dereva hulala chini ya tela siku mbili akila ndizi za watu, na tanboi, msaidizi wake, anasukuma huku amefunga macho ili aonekane anatumia nguvu. Akasema gari moshi linapita pale pale likipiga honi, halimsalimii mtu. Ukumbi ulicheka mpaka mwenyekiti wa mjadala akagonga meza. Nje ya dirisha nilisikia sauti ya mtu mzima ikisema, "Mwongo huyu, ilikuwa siku moja tu," kisha kicheko ambacho alijaribu kukiziba kwa kofia. Reli ilishinda kwa kura nyingi. Aliyeshindwa zaidi alikuwa chini ya dirisha, na sijawahi kuona mtu aliyefurahia kushindwa namna ile.

Halafu Padri akaanza kuwaita wazazi, mmoja mmoja. Ikafika zamu ya Rosebella. Padri akaita baba yake. Akaita mama yake. Hakuna aliyesimama. Nikainuka, akaniashiria nikae. Mtoto alikuwa bado jukwaani, anatazama chini sasa, kama nyumbani. Kule nje Okwara alikuwa amesimama. Nilimwona akija mpaka kizingitini, akiiona gauni ya Mama, akirudi nyuma. Akaja tena, akarudi. Padri, ambaye anajua Kilatini na Kiholanzi lakini mambo ya wakwe bado, akasema kwa masikitiko kwamba nafasi hiyo basi itakwenda kwa msichana mwingine.

Hapo Perez akainuka. Yeye ndiye kiongozi wa chama cha maigizo, na pazia la jukwaani ni lao, walilishona wenyewe kwa mashuka makuukuu wakalipaka rangi ya majivu na udongo mwekundu. Hakuniomba ruhusa. Aliwanong'oneza wenzake, wakalichomoa kwenye waya, wakateremka nalo mbio, wakalinyoosha mbele ya Mama toka benchi mpaka jukwaani, mmoja kila upande, wawili katikati wameinua mikono. Ukumbi mzima ukaelewa. Wazee wakaanza kukohoa kwa kuridhika. Na shemeji yangu mimi, mtu mrefu vile, akaingia ameinama upande wa pili wa pazia, akavua kofia, akasimama mbele ya Padri.

Padri akamwuliza kama mtoto atamaliza. Okwara akaanza vizuri, akakwama kama lori lake. Akasema anataka, lakini nyumbani kuna wadogo wawili, mke wake yuko sokoni tangu alfajiri, yeye yuko barabarani, na hawezi kutoa neno ambalo mkewe ndiye atakayelibeba mgongoni. Nilimheshimu kwa hilo, Anyait. Alikusema vizuri mbele za watu.

Ndipo pazia likasema. Mama alikohoa, akasema kwa Kiteso, bila kumtaja mtu, kwamba mtu aliye upande ule aambiwe wale wadogo wawili waletwe kwake. Maziwa yapo, nafasi ipo, na yeye hana tena wa kumkemea kwa kuwa Egwang, yaani mimi, amezeeka hakemeki. Wasichana wakageuka ili wamtafsirie Okwara. Mumeo, ambaye miaka yote hii ametuambia Kiteso hakimwingii kichwani, akajibu kabla hawajafungua mdomo: mama aambiwe nimesikia. Kisha akamgeukia Padri akasema kwa sauti ya watu wa kwao Sigalame, ile ya kuitia mtu ng'ambo ya bonde, kwamba Rosebella atamaliza.

Padri alipiga makofi kuliko wote. Alidhani ni onyesho. Akasema ndilo igizo zuri kuliko yote ya mwaka huu, na akampongeza Perez kwa kubuni mambo. Hakuna aliyemsahihisha.

Lakini kuna maneno ya Mama niliyoyaruka pale juu, kwa sababu mkono ulikuwa mzito. Kabla ya kusema juu ya maziwa, alisema hivi: "Anyait nilimtoa shule mimi, hapa hapa kwa mapadri, wadogo zake walipokuwa wengi. Hajanilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningelala vizuri." Alisema mbele ya watu wote, amenyooka, na pazia halikutikisika. Sikujua kwamba analibeba jambo hilo. Labda wewe pia hukujua.

Na sasa la mwisho, ambalo nimelizungukia kurasa zote hizi. Mimi ndiye niliyemwita Okwara. Barua yako ilipofika nilimtumia neno kupitia kwa madereva wenzake, bila kukuuliza. Tumepanga, yeye na Mama na mimi, juu ya watoto wako na wewe hupo. Hilo si haki, na neno la mwisho bado ni lako. Ukikataa, nitamwendea Padri mimi mwenyewe, na Mama nitamweleza.

Barua hii haikupitia posta. Aliyekupa bila shaka amekuambia aliichukua kwa karani wa forodha. Si kweli. Amekaa nayo mfukoni tangu Malaba, anajua kila kilichomo, na aliniomba niandike kwa sababu wewe anakuogopa kuliko mkwe wake. Nadhani sasa hivi yuko nje anagonga magurudumu ambayo hayana ubaya wowote. Mwite ndani umpe chai. Kizito na Mildred, ukiridhika, atawaleta kesho akirudi. Mama ameshatoa blanketi juani.

Rosebella anakusalimu, na anasema maneno ya tanboi ni ya mjadala tu, asiambiwe. Mama anakusalimu. Wasalimie majirani wa Burumba na wote wanaoniulizia, na Bwana akulinde katika kazi yako.

Ni mimi kaka yako, msimamizi wa mlango,

Titus Egwang